Moto wa Njano wa Mjomba Deqian

Mjomba wangu Luo Deqian haamini maandishi ya kwenye gunia. "Gunia linaweza kudanganya," atakwambia, "moto haudanganyi." Halafu ananyamaza, anakuangalia, anasubiri useme "Duh, Mjomba, hilo neno zito." Usiposema, anarudia. Mimi nimeshamwacha arudie mpaka chai ikapoa.

Huku kwetu bonde la Liuyang kila nyumba ina ndugu kwenye fataki. Mama yangu ana karakana yake ndogo nyuma ya kilima, anatengeneza zile za angani, za kupasuka maua. Na rangi za maua hayo ni chumvi tu. Kuna chumvi ya wekundu, ambayo ni ya strontiamu. Kuna ya kijani, ya bariamu. Kuna ya shaba kwa buluu. Ukiziona kwenye magunia nyingi ni nyeupe, unga mtupu, huwezi kutofautisha hii na ile wala na unga wa mama ntilie. Ndiyo maana kila karakana ina mpimaji. Anachovya ncha ya waya kwenye chumvi, anaipeleka kwenye moto, moto unabadilika rangi, basi, chumvi imejitaja jina lake yenyewe.

Adui wa wote ni sodiamu. Hiyo iko kwenye chumvi ya kawaida, ya mbogani, na moto wake ni wa njano. Ikiingia hata chembe, njano inafunika kila kitu, kama lile shangazi la harusini ambalo likianza kuongea hata muziki unazimwa. Mteja kaagiza maua mekundu, wewe unamrushia machungwa. Na kwa vile chumvi za sodiamu ni za bei ya chee, wauzaji wahuni huchanganya. Kwa hiyo mpimaji akisema "njano," ujue amemwita mtu mwizi.

Sasa kazi nyeti kama hiyo, Mama kampa nani? Kaka yake mkubwa. Mtu ambaye alifuga nguruwe, nguruwe wakakonda. Akaendesha lori la mchanga, likaingia kwenye bwawa la samaki la watu. "Lakini ana jicho," anasema Mama. Analo, ndiyo. Ana mawili kabisa, kama sisi wote.

Ana pia waya. Waya huo ni urithi wa babu, na Mjomba anaapa ni wa platinamu. Babu aliupata kwa fundi wa kutengeneza majiko ya wali, sasa piga hesabu mwenyewe kama fundi wa majiko ya wali anagawa platinamu. Tena ana kipande cha kioo cha buluu. Kazi ya kioo hicho ni moja: ukitazama moto kupitia kwacho, kinazuia njano, unaona rangi iliyojificha nyuma. Kifaa muhimu kweli. Mjomba amekifunga kwenye leso ya hariri na hukitoa akiwa anapigwa picha tu. Anakiweka jichoni, anakunja uso, mimi nabonyeza simu, video inapanda mtandaoni: "Jicho la Liuyang, kazini." Wafuasi wake nusu ni ndugu zetu, nusu nyingine ni watu wanaouza dawa za nywele.

Banda lake la kupimia liko ng'ambo ya mashamba ya mpunga, mbali na karakana, maana kwenye baruti hakuna mwenye akili anawasha kitu. Huko peke yake alikuwa akivuta sigara mfululizo. Mkono mmoja sigara, mkono mmoja waya, hana wa tatu wa kuufutia, kwa hiyo waya alikuwa anaukoroga kwenye asidi kama wapimaji wengine, anauchoma, anaukoroga tena, mpaka waya mtupu ukiwekwa motoni usitoe rangi yoyote. Ndipo unapima. Hiyo ndiyo sheria, na hata mtoto wa darasa la kwanza bondeni kwetu anaijua.

Machipuko ya mwaka huu daktari akamwambia, mzee, mapafu yako yamekuwa kama dohani, acha. Akaacha. Kwa hilo nampongeza, nisionekane nina roho mbaya. Akahamia kwenye mbegu za alizeti, zile za kukaangwa na chumvi nyingi. Kutwa nzima krak, krak, krak, maganda mpaka kwenye viatu. Ananyonya vidole, anachota nyingine. Na kwa kuwa sasa mkono wa pili uko huru, akagundua mbinu: badala ya kuhangaika na asidi, anaufuta waya kwa vidole, fyuu, tayari.

"Mjomba, si unatakiwa kuuosha?"

"Wewe unaosha kijiko kabla ya kila tonge?"

"Ila huu si—"

"Waya wangu una adabu. Haushiki uchafu. Rekodi, acha umbea."

Nikarekodi. Umbea wangu unaishia kwenye simu.

Tangu hapo, maajabu. Kila gunia linalokuja, njano. Muuzaji wa kwanza, njano, akafukuzwa. Wa pili, njano, akafukuzwa na kutukaniwa ukoo. Wa tatu alikuwa mama mjane wa kutoka bonde la pili, akalia pale pale bandani. Mjomba akamwambia machozi nayo yana chumvi. Akaniagiza hilo nisilikate kwenye video. Nyumbani anakaa mezani anatikisa kichwa: "Dunia imeharibika. Mwaka huu hakuna mwaminifu hata mmoja." Nyani haoni kundule, na wa kwetu alikuwa na kioo cha kuonea kabisa, kafungia kwenye leso.

Akabaki muuzaji mmoja, Mzee Ouyang Pei. Hapa ndipo mambo yanapokuwa ya familia.

Mzee Ouyang ana duka la chumvi za fataki pale njia panda. Mkimya, suruali yake ina pasi hata akiwa anabeba magunia. Mwanawe Ouyang Ke ndiye mchumba wa binamu yangu Suyun, binti pekee wa Mjomba. Suyun anauza viatu mjini. Kampenda Ke miaka, na Ke kampenda yeye kiasi cha kununua viatu kila mwezi kama ana miguu kumi. Sherehe ya kufunga uchumba ilishapangwa, baada tu ya sikukuu ya mwezi mpevu wa vuli. Meza zimeshaagizwa, mpishi wa nyama ya kufukiza keshapewa neno.

Mjomba hakufurahi. Hakusema hivyo, lakini Mzee Ouyang akiingia mahali watu wanampisha kiti, na Mjomba akiingia watu wanakumbatia sahani zao za mbegu. Hilo lilimkaa rohoni. Basi wiki ileile familia ya Ouyang ilipoleta chai na pombe za posa, Mjomba kabeba sampuli ya gunia jipya la Mzee Ouyang, la chumvi ya wekundu, kwenda bandani. Krak, krak. Akanyonya vidole. Akafuta waya. Akachovya.

Njano. Njano kama kiini cha yai.

Mtu mwenye akili angempigia mkwe wake simu. Huyu wetu akafungua kundi la wenye karakana wa bonde zima, akashikilia kile kitufe cha sauti mpaka simu yenyewe ikachoka kumsikiliza:

"Ndugu zangu! Ouyang Pei anatuuzia chumvi ya kupikia! Kachanganya! Mimi, Luo Deqian, nimeona kwa jicho langu! Ukitaka supu nenda kwake, ukitaka fataki tafuta pengine!"

Na akaweka kile kikatuni cha mtu anayekunywa chai taratibu. Kha! Kujimwambafai gani huko.

Kabla ya jua kuzama, karakana za bondeni zilikuwa zinarudisha magunia njia panda. Mtu kauza chumvi tangu ujana wake, jina linachafuliwa na sauti ya mtu mwenye maganda mdomoni.

Mzee Ouyang alikuja kwetu mwenyewe. Hakukaa.

"Dada Jiehua," akamwambia Mama, "nimekuuzia tangu unaanza, ukiwa na meza mbili tu. Nikuulize. Umeshawahi kuona wekundu wangu ukageuka machungwa angani?"

"Hapana, kaka Ouyang."

"Basi nasema mbele yako. Bwana Luo anataka kupima, tupime mbele za watu. Ikiwa mimi ni mwizi, nafunga duka. Ikiwa yeye kakosea, aje langoni kwangu awashe mkufu wa fataki kama desturi inavyotaka. Asipokuja, mwanangu haoi nyumba iliyonipaka matope. Nimempenda Suyun kama wangu, lakini siwezi kula karamu na jina langu likiwa chini ya meza."

Huku kwetu ukimchafulia mtu jina hadharani, "samahani" ya mdomoni haihesabiki. Unanunua mkufu mrefu wa fataki nyekundu, unaubeba mwenyewe, unauwasha mbele ya lango lake, bonde lisikie. Na makaratasi mekundu yanayobaki hayafagiwi. Yanakaa pale mpaka upepo uyachoke, kila apitaye aone nani alikuja kuinama.

Suyun alikuwa mlangoni, kasikia yote. Alirudi mjini bila kula. Aliniandikia neno moja tu usiku huo: "Nimekwisha." Mimi huwa namjibu kwa vikatuni. Siku hiyo sikuweza.

Siku ya kupima, banda la Mjomba halikutosha, watu wakasimama hadi kwenye matuta ya mpunga. Mjomba kavaa koti la harusi, eti. Gunia moja, limefungwa, likafunguliwa mbele ya wote.

Mzee Ouyang alitangulia. Akayeyusha chumvi yake kidogo kwenye maji, akadondoshea asidi ya salfuriki. Maji yakaanza kuwa meupe taratibu, kama maziwa ya soya.

"Strontiamu ipo," akasema. "Sodiamu peke yake ingebaki maji matupu."

Mjomba akacheka, maganda yakamtoka. "Ipo! Nani kakataa? Nasema umechanganya! Nusu hiyo, nusu wizi. Maziwa yako hayatuambii kilichoongezwa."

Na hapo, niseme ukweli, alikuwa sahihi. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho mwaka huu, iandikwe.

"Sawa," akasema Mzee Ouyang. "Moto, basi."

Akatoa waya wake. Akaukoroga kwenye asidi, akauchoma, njano kidogo. Akaukoroga, akauchoma. Watu wanapiga miayo. Akarudia mpaka moto ukapita kwenye waya kama hakuna kitu. Ndipo akachovya chumvi.

Nyekundu. Nyekundu ya bahasha za mwaka mpya, mpaka watu wakasema "Aaaah" kwa pamoja.

"Mazingaombwe!" Mjomba akapaza sauti. "Mtu anakuja na waya wake, kaupaka nini huyu? Tumieni waya wa platinamu!"

Kikohozi kikapita kwenye umati pale aliposema platinamu.

Akachukua waya wa babu. Akaufuta kwa vidole, fyuu, kama anavyofanya kwenye video, hata pozi akaweka. Akachovya kwenye gunia lile lile. Moto ukaruka njano.

"Mmeona? Mmeona au hamjaona?"

Umati ukachanganyikiwa. Gunia moja, mzee mmoja nyekundu, mzee mwingine njano. Mwenye karakana mmoja kule nyuma akasema, "Sasa hapa tunanunua au hatununui?" Mzee Ouyang akaelekeza kidole mfukoni mwa Mjomba.

"Bwana Luo, una kioo cha buluu. Tazama moto wako kupitia hicho. Kama wekundu wangu umo ndani, utauona."

"Kioo changu si cha kuchezea."

"Kaka," Mama akasema, "kitoe."

"Jiehua, hiki ni cha—"

"Kitoe hicho kioo, kaka, kabla sijakuja kukitoa mimi."

Leso ikafunguliwa kwa uchungu kama anang'olewa jino. Moto ukawashwa tena, Mama akatazama mwenyewe. Njano ilikuwa imezuiwa. Nyuma yake akaona wekundu wa kuelekea zambarau, umetulia. Akakipitisha kioo kwa watu, kila mtu akatazama, kila mtu akasema "hmm."

"Wekundu upo, sawa," Mjomba akashikilia. "Na njano ipo! Imetoka wapi? Imetoka kwake!"

Suyun alikuwa kasimama pembeni na Ke, hawashikani mikono, wanaogopa hata hilo. Akasogea mezani. Dada huyu hajui kemia. Anajua saizi za miguu. Lakini anamjua baba yake.

"Baba, weka waya wako motoni bila chumvi yoyote."

"Wa nini?"

"We weka tu."

"Suyun, mambo ya watu wazima haya."

"Ya watu wazima ndiyo yanayonivunjia uchumba. Weka, Baba."

Akaufuta tena kwa vidole, maskini, kwa mazoea. Akauweka. Waya mtupu, hauna chembe ya chumvi ya Ouyang.

Njano. Ile ile.

Chura mmoja kwenye mpunga akalia, na nakuapia hata yeye alionekana anamsema.

"Tangu machipuko," Suyun akasema polepole, "kila unachoshika nyumbani kinaonja chumvi. Kikombe changu. Kidhibiti cha runinga. Keki ya siku yangu ya kuzaliwa ilikuwa na alama za vidole vyako, niliila, ilikuwa kama samaki mkavu." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kulia wa koti la harusi, akatoa mbegu moja, akaishika kwa koleo motoni.

Sihitaji kukwambia rangi.

Umati uliangua kicheko mpaka bata wakatoka mferejini. Yule mama mjane wa bonde la pili, ambaye sikujua kama yupo, akapaza sauti: "Machozi yana chumvi, eh, Mzee Jicho?" Na mimi, kwa heshima zote kwa mjomba wangu, nilikuwa narekodi.

Ungedhani hapo mtu anainamisha kichwa. Mjomba alifunga kioo chake kwenye leso, akasema, "Upepo ulibeba chumvi kutoka kwenye shamba la mtu," akaondoka na mabega juu.

Akajifungia ndani. Lango la Ouyang likakaa bila mkufu. Mama akaenda kumbembeleza, akarudi kanuna. "Anasema atatuma dereva apeleke mkufu." Dereva! Hata mimi ninayeomba msamaha kwa vikatuni nilijua hiyo haikubaliki. Kesho yake akaja na wazo jipya: yeye atatuma ujumbe wa sauti kundini, mfupi. Mama akamwambia sauti yako ndiyo imetufikisha hapa.

Sikukuu ya mwezi mpevu ikafika na kupita. Mpishi wa nyama ya kufukiza akapiga simu kuuliza kama bado anahitajika. Suyun akaja, akasimama nje ya mlango wa baba yake, na sisi wengine tukasimama jikoni tukijifanya tunakata pilipili.

"Baba, sikuja kukulilia."

"Basi nenda."

"Ke kasema tuoane tu, tuhamie mjini, baba yake asijue, wewe usijue. Nimekataa."

Suyun akasogea karibu zaidi na mlango.

"Nimekataa kwa sababu nataka uwe mezani. Na vidole vyako vyote. Hata keki uishike. Lakini huwezi kuwa mezani kwa mtu uliyemwita mwizi. Mimi naondoka kesho, sitauliza tena."

Tulisikia krak moja. Halafu haikufuata nyingine.

Kesho yake Mjomba alienda langoni kwa Ouyang saa ya mchana watu wanapolala, mjanja yule, akidhani bonde litakuwa tupu. Kosa lake ni kununua mkufu dukani kwa jirani, na jirani ana simu. Alipofika njia panda na rundo jekundu begani, bonde lote lilikuwa limekaa kwenye viti vidogo, na chai kabisa. Mjomba akasimama. Nilimwona anaangalia nyuma, barabara ikiwa wazi. Halafu akamwona Suyun, kasimama upande wa Ouyang, na begi la safari mguuni.

Akautandaza mkufu mbele ya lango. Akapiga kiberiti. Akaushika utambi, na kabla ya kuuwasha, kwa mazoea ya kipuuzi yasiyo na tiba, akalamba vidole na kuunyoosha.

Utambi ukafuka, ukazima. Ukafuka tena, ukazima.

Hakuna aliyecheka. Nadhani hata sisi tulikuwa tumechoka. Mzee Ouyang akatoka langoni, akainama kwenye suruali yake ya pasi, akamkabidhi leso.

"Futa mkono kwanza, mkwe mwenzangu," akasema. "Washa kwa mkono mkavu."

Mkwe mwenzangu. Suyun alikaa chini juu ya begi lake, akafunika uso. Mjomba alifuta vidole kimoja kimoja, muda mrefu kuliko alivyowahi kuosha waya maishani mwake. Akawasha. Bonde likasikia. Makaratasi mekundu yakaruka mpaka kwenye vikombe vyetu vya chai, na hayakufagiwa.

Sherehe ilifanyika. Mpishi alikuja. Na ukidhani Mjomba kajifunza unyenyekevu, pole, hujamjua. Alikaa meza ya mbele, kavaa glovu nyeupe, anawafundisha wapimaji vijana "Njia ya Luo": kwamba yeye, baada ya utafiti wa muda mrefu, amegundua mkono wa mpimaji lazima uwe safi na waya uoshwe. Mzee Ouyang alikuwa pembeni yake anaitikia kwa kichwa, hana hata tabasamu, mtu mwema kupita kiasi.

Na mbele ya Mjomba sahani ya mbegu za alizeti. Anazila moja moja, kwa vijiti.